Mashine ya Bia ya Bomba Nyumbani: Kagua Mnara Kwanza

Malalamiko ninayoletewa kutoka Mbeya na Iringa yanafanana. Kegi, yaani pipa la chuma la bia, imekaa kwenye friji usiku kucha, kipimajoto kinasoma nyuzi 3, lakini glasi ya kwanza ni povu tupu. Muuzaji akipigiwa simu anasema gesi imezidi, ipunguzwe. Inapunguzwa, bia inakosa gesi, na povu liko palepale.

Rangi, ukubwa na taa za mlangoni mtajichagulia wenyewe. Mimi nauliza jambo moja: mnara unapoozwa na nini? Ile nguzo ya bomba iko nje ya friji. Bia iliyolala kwenye mrija ndani yake inapata joto, na bia yenye joto haiwezi kushika gesi, inaiachia yote kama povu. Jipime nyumbani: glasi ya kwanza ikiwa povu na ya pili ikatoka safi, ujue kegi haina kosa, ni mnara.

Baridi ya kwetu inadanganya watu. Juni na Julai usiku ni wa makoti, lakini mchana sebuleni mnara unapata joto, na Oktoba ndiyo usiseme. Halafu Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo kwa bia ileile geji ya gesi huku inatakiwa isome psi (kipimo cha msukumo wa gesi) 2 hadi 3 zaidi ya Dar es Salaam. Anayekuambia ushushe gesi anakuharibia kegi nzima.

Namba moja kwangu ni Series X ya KegLand, kampuni ya Australia, na sioni haya kuipendelea. Ina kompresa, na ina feni inayosukuma hewa ya baridi hadi ndani ya mnara. Inatumia umeme kama wetu, volti 230. Iwekee kilinda friji, maana umeme ukikatika na kurudi ghafla kompresa ndiyo inayoumia.

Namba mbili, PerfectDraft, mashine ndogo ya mezani. Haina mnara mrefu, inashusha hadi nyuzi 3, na kegi ikishafunguliwa bia inadumu siku 30. Ila ukiweka kegi ya moto inachukua zaidi ya nusu siku kupoa, na inakubali kegi zake tu za lita 6. Kwa Iringa, kuzipata ni kazi.

Friza la kawaida lililofungwa kidhibiti joto linafaa kwa mwenye fundi mzuri. Ndoo ya barafu ni ya sherehe ya siku moja.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaoleta mashine za Marekani za volti 115, wanatoza bei ya mashine mpya, kisha transfoma unajinunulia mwenyewe. Wengine feni ya mnara wameshaing'oa, wanaiuza kama spea! Kabla hujalipa, mwambie awashe mashine, subiri saa nzima, kisha ushike mnara. Mnara ukiwa na joto la chumba, mwachie mashine yake.