Memori kadi ipi itahimili mikiki ya kazi?

Mwaka juzi nilipiga picha za harusi Bagamoyo. Baada ya ibada nilichomoa kadi nikaitia mfuko wa suruali, nikaweka nyingine kwa ajili ya ukumbini. Usiku naitoa, imeachana ubavuni kama ganda la karanga, na vile vimbavu vyembamba vinavyotenganisha meno ya kadi (vile vipande vya rangi ya dhahabu vinavyogusana na kamera), viwili havipo. Kompyuta haikuisoma, fundi naye alishindwa. Bibi harusi yule hana picha hata moja akivishwa pete. Tangu siku ile, kabla sijauliza kasi ya kadi nauliza gamba lake, ni la plastiki au la chuma.

SD ya kawaida, ile kadi inayoingia kwenye kamera nyingi, ni maganda mawili ya plastiki yaliyogandishwa pamoja, unene wake milimita 2.1. Inakofia kunajulikana: mshono, vimbavu, na kile kiloki cha kuzuia kufuta. Kiloki kikilegea, kamera inakwambia kadi imefungwa wakati maharusi ndio wanaingia. Kimbavu kikivunjikia ndani ya tundu, hapo unatafuta fundi wa kamera.

Namba moja kwangu ni Sony TOUGH, ingawa siyo ya chuma. Imesubuliwa kipande kimoja: haina mshono, haina vimbavu, haina kiloki. Sony waliileta mwaka 2018, wakasema inahimili kupindwa mara 18 kuliko SD ya kawaida, kudondoka kutoka mita 5, maji na vumbi. Naipa nafasi ya juu kwa sababu vile vinavyovunjika vimeondolewa kabisa. Kama kazi yako ni picha na video za kawaida, toleo lake la SF-M lenye alama ya V60 linatosha, maana yake haishuki chini ya megabaiti 60 kwa sekunde katika kuandika. SF-G ya V90 waachie wanaopiga video nzito.

Namba mbili ni Lexar Armor, SD ya chuma cha pua aina ya 316, chuma kilekile kinachopendwa kwenye vifaa vya boti kwa kuwa kinavumilia chumvi. Ina kiwango cha IP68, yaani vumbi halipenyi na inavumilia kuzama majini. Anayepiga picha baharini, Zanzibar au Lamu, ningemwambia aanzie hapa. Lakini chuma kinalinda umbo tu. Meno bado yako nje, na chipu ndani inachakaa kwa kuandikwa na kufutwa kama ya kadi yoyote. Ikiloa maji ya bahari, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, ikauke kabisa ndipo uirudishe kwenye kamera.

Mwenye kamera ya Nikon Z8, Z9 au Canon R5 ana tundu la CFexpress B, aina nyingine ya kadi isiyoingia tundu la SD. Hizi nyingi zina gamba la chuma, unene milimita 3.8, na meno yamejificha ndani ya mdomo wa kadi, kidole hakiyafikii. Kwa uimara zingeshika namba moja, ila kamera nyingi mikononi mwetu hazizipokei. Ukiichomoa baada ya video ndefu utaikuta ya moto. Usishtuke, gamba linatoa joto nje.

Bajeti ikibana, nunua SD mbili za plastiki za V30 kutoka kampuni inayojulikana. Kamera ikiwa na matundu mawili, iamuru iandike kila picha kwenye zote. Kadi mbili za kawaida zenye picha zilezile nazithamini kuliko moja ya chuma iliyo peke yake. Na kila moja ikae kwenye kikasha chake, siyo mfukoni na funguo.

Ya mwisho ni microSD, ile kadi ndogo ya simu, ndani ya adapta inayoipa umbo la SD. Kwa kazi ya kulipwa usiiguse: umeongeza meno ya pili ya kulegea, na adapta ni plastiki nyembamba kuliko zote.

Kadi yoyote, hata ya chuma, ipime siku uliyoinunua, risiti ikiwa bado mkononi. Tumia H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Programu hizo zinaijaza kadi yote kisha zinasoma kilichoandikwa. Kadi feki inayojiita GB 256 uongo wake utajulikana njiani: itajaa kabla ya kufika 256, na programu itakuonyesha makosa. Kadi kubwa inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo iache usiku ukalale.