Miezi minne na kipanga safari cha mtandaoni

Nakipa nyota 3 kati ya 5, na zote 3 ni kwa jambo moja. Nasafiri mjini na mama yangu, na magoti yanamsumbua. Kipanga safari hiki kinakuuliza unatembea kwa mwendo gani na kama ngazi unaziweza. Nilipochagua mwendo wa polepole na kukataa ngazi, njia iliyokuwa juu ya orodha ilibadilika kabisa: badala ya treni mbili, na dakika 3 tu za kukimbilia ya pili, tukapewa basi moja linalochelewa dakika 12 zaidi. Mama alifika bila kuhema. Vipanga safari nilivyotumia awali vilitanguliza njia ya kufika mapema, kana kwamba kila abiria ni kijana asiye na mzigo. Kwetu sisi, njia hiyo ilikuwa na maana ya kuikosa treni ya pili na kukaa nusu saa tukiingoja nyingine.

Kisanduku cha kutafutia ndicho kinachonichosha. Kinataka jina la kituo kama lilivyo kwenye ratiba. Ukiandika jina ambalo watu wote wanapaita, au ukikosea herufi moja, unaambiwa hakuna matokeo. Chanzo nakielewa. Ratiba nyingi huingia kwenye programu hizi kwa muundo wa GTFS, ulioanza mwaka 2005 Google iliposhirikiana na TriMet, shirika la usafiri la Portland, Marekani. Ni mafaili ya maandishi tu, na faili la vituo hubeba jina la kituo na mahali kilipo. Likiwekwa jina la kiofisi peke yake, programu haina pa kulitoa jingine. Lakini kwa nini mzigo huo aubebe abiria? Waundaji wangeweza kuongeza majina ya mitaani, wakavumilia makosa ya herufi, wakaniacha niguse ramani pale ninapokwenda.

Halafu kuna suala la muda. Siku moja kiliandika "dakika 4", nikamwinua mama kwenye benchi. Tukasimama dakika 25. Kumbe ile ilikuwa saa ya ratiba, wala hapakuwa na taarifa yoyote kutoka kwenye basi lenyewe. Tofauti hiyo wameionyesha kwa rangi: kijani kwa muda halisi, nyekundu iliyofifia kwa ratiba. Wapo watu wengi ambao macho yao hayatenganishi rangi hizo mbili, na hata mimi ninayezitenganisha sikujua maana yake. Neno "ratiba" kando ya namba lingetosha.

Ukibonyeza kitufe cha kurudi ili ubadili saa tu, kinafuta ulikotoka, unakokwenda, na ule mwendo wa polepole. Nimewaandikia mara mbili. Toleo jipya limetoka wiki iliyopita, na bado kinafuta.