Konsentreta ya oksijeni ya lita 10: tathmini kwa wodi za wagonjwa mahututi

Hospitali ya wilaya ikipata fedha za kuboresha huduma ya wagonjwa mahututi, ombi la kwanza huwa ventileta, yaani mashine ya kumpumulia mgonjwa. Kwa fedha hizohizo mimi ningenunua konsentreta mbili za lita 10 (mashine zinazochuja oksijeni kutoka hewa ya chumbani), stebilaiza mbili za kutuliza umeme, oksimita za kupima oksijeni ya damu kwenye kidole, za kutosha kila wodi, na kipima oksijeni kimoja cha mkononi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la The Lancet, uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika na kuhusisha karibu wagonjwa 20,000, ulikuta kwamba mgonjwa mmoja katika kila wanane alikuwa mahututi, na asilimia 69 ya hao walikuwa wamelazwa wodi za kawaida, si ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi. Mgonjwa wa nimonia mwenye saturesheni (kiwango cha oksijeni katika damu) ya asilimia 84 huko wodi ya wanaume haokolewi na ventileta iliyoko jengo la pili. Anahitaji oksijeni inayomfika puani usiku huu na isiyokatika alfajiri.

Konsentreta zinazoonekana sana hospitalini ni za ukubwa wa aina mbili. Ndogo hutoa hadi lita 5 kwa dakika. DeVilbiss 525 ni mfano wake, ina uzito wa kama kilo 16 na inakula takriban wati 300. Kubwa hutoa hadi lita 10. NewLife Intensity 10 ya AirSep ni mfano wake, kama kilo 26 na karibu wati 600. Utendaji wao ni uleule. Kompresa huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma kwenye mitungi miwili midogo iliyojaa zeolaiti, chembechembe zinazonasa nitrojeni na kuacha oksijeni ipite. Mtungi mmoja ukishashiba nitrojeni, vali hugeuza hewa iende wa pili, na wa kwanza unajisafisha. Ule mlio wa kupumua unaosikika kila baada ya sekunde chache ndiyo nitrojeni inayotoka. Mlio ukianza kukosa mpangilio, fundi vifaa tiba aitwe aangalie vali kabla mashine haijazima yenyewe.

Kinachotoka si oksijeni tupu. Mashine isiyo na hitilafu hutoa asilimia 90 hadi 96, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni argoni, ambayo zeolaiti haiwezi kuitenga. Kwa mgonjwa haina neno.

Kwa nini lita 10 na si 5? Kanula ya pua, yaani kibomba chenye ncha mbili za puani, kwa mtu mzima inatumia lita 1 hadi 5 kwa dakika, kwa hiyo ndogo inamtosha mgonjwa wa kawaida. Lakini mgonjwa mahututi huanza na kanula, anahamia barakoa ya kawaida ya lita 6 hadi 10, kisha barakoa yenye mfuko, ambayo inataka lita 10 hadi 15. Mashine ya lita 5 inaishiwa nguvu pale hasa hali inapobadilika kuwa mbaya. Ya lita 10 inaendesha barakoa yenye mfuko, ingawa kwa shida: tazama mfuko mgonjwa anapovuta pumzi. Ukinywea kabisa kila anapovuta, lita hazitoshi. Hapo unganisha mashine mbili kwa kiunganishi cha matawi mawili, kila moja kwenye flomita yake (kipimo cha mtiririko), upate lita 15 au zaidi, au mhamishie kwenye mtungi wa gesi. Usijaribu kuikamua mashine moja kwa kupandisha flomita kupita alama ya mwisho. Hewa itapita kwenye zeolaiti haraka mno na asilimia ya oksijeni itashuka, hivyo mgonjwa atapata upepo mwingi na oksijeni hafifu.

Kwenye ventileta, wauzaji hupenda kunyamaza. Ventileta inayoendeshwa kwa shinikizo la gesi huhitaji takriban bar 3 hadi 6 kutoka ukutani. DeVilbiss 525 hutoa psi 8.5, yaani karibu bar 0.6, Intensity 10 hutoa psi 20, yaani bar 1.4. Hakuna adapta itakayoziba pengo hilo. Ventileta zenye tabo ya ndani, yaani feni inayovuta hewa ya chumbani, na tundu la oksijeni ya shinikizo la chini zinapokea konsentreta, ila piga hesabu kwanza. Mgonjwa anayevuta lita 15 kwa dakika anapata lita 10 zenye asilimia 93 na lita 5 za hewa yenye asilimia 21. Ukichanganya, ni asilimia 69. Kwa wengi inatosha. Kwa mwenye mapafu yaliyojaa maji haitoshi, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kumpa dawa za usingizi. Oksijeni ya puani ya kasi kubwa ndiyo hesabu yake inakatisha tamaa zaidi: ukiweka lita 40, kumi kutoka konsentreta na thelathini hewa, unapata asilimia 39 tu. Muuzaji anayekuambia konsentreta moja inaendesha mashine hiyo hajakudanganya. Ameacha tu kukutajia ni kwa asilimia ngapi.

Kwa watoto, mashine hii ina thamani kubwa kuliko inavyofikiriwa. Mtoto mchanga anahitaji lita 0.5 hadi 1, na mwenye umri wa miezi kadhaa lita 1 hadi 2. Kwa kigawanyio chenye flomita tano, konsentreta moja ya lita 10 huhudumia vitanda vitano vya wodi ya watoto kwa wakati mmoja, kila mmoja na kipimo chake. Ila mashine nyingi za lita 10 zinaanzia lita 2, kwa hiyo usiitumie kwa mtoto mmoja wa nusu lita. Mpe konsentreta ndogo, au hakikisha kuna wengine kwenye kigawanyio. Kwa njiti aliye kwenye CPAP ya mapovu, kifaa kinachosukuma hewa puani ili mapafu yasijifunge, oksijeni ya asilimia 93 moja kwa moja ni hatari kwa macho. Ni lazima ichanganywe na hewa na saturesheni ifuatiliwe isipande kupita kiasi.

Umeme ndiyo gharama na ndiyo adui. Wati 600 kwa saa 24 ni uniti 14.4 kwa siku. Linganisha na mitungi: lita 10 kwa dakika ni lita 14,400 kwa siku, na mtungi mkubwa wa saizi ya J una lita 6,800, ambazo ni saa 11 na dakika 20 hivi. Yaani mitungi miwili na zaidi kwa siku kwa mgonjwa mmoja, bila kuhesabu gari la kuifuata kiwandani na barabara ya masika. Konsentreta hujilipa yenyewe mapema. Pamoja na hayo, isikae bila mtungi pembeni. Umeme ukikatika jenereta huchukua muda kuwaka, na konsentreta yenyewe huhitaji dakika kadhaa baada ya kuwashwa ndipo ifikie asilimia yake. Kila chumba chenye konsentreta kiwe na mtungi mmoja uliojaa, regulata ya kupunguza shinikizo imeshafungwa, na spana imening'inizwa kwenye shingo ya mtungi. Spana iliyofungiwa kwenye droo ya msimamizi haisaidii saa tisa usiku.

Stebilaiza si hiari. Umeme wetu wa volti 230 hushuka na kupanda, na kinachoungua kwanza ni bodi ya umeme na kapasita ya kompresa. Kwa mashine ya lita 10 chukua stebilaiza ya angalau kVA 2, kwa kuwa mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Ile ndogo ya friji ya nyumbani itakuwa inakata kila mara. Na mashine za msaada kutoka Marekani zitazamwe kibandiko cha nyuma kabla hazijapokelewa. Zikiandikwa volti 120 na hezi 60, transfoma itarekebisha volti lakini haigusi hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Kwenye hezi 50 za Tanzania na Kenya mota huzunguka polepole, mtiririko hupungua, joto hupanda, na zeolaiti haipati shinikizo linalotakiwa. Mashine itawaka, taa ya kijani inaweza hata kuonekana siku za mwanzo, kisha itakufa. Ni bora kuikataa bandarini kwa heshima.

Unyevu unaua polepole zaidi. Zeolaiti hupenda maji kuliko inavyopenda nitrojeni. Ikishalowa hainasi tena. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, mashine iliyowekwa stoo miezi sita "kwa dharura" mara nyingi hutolewa siku ya dharura ikiwa imeshaharibika. Akiba nzuri ni ile inayozunguka: mashine zipokezane kazi, na iliyopumzika iwashwe kwa saa kadhaa angalau mara moja kwa mwezi. Bara, adui ni vumbi. Filta ya nje ioshwe kila wiki kwa maji na sabuni laini, ikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa (nunua mbili, moja ivaliwe nyingine ikauke), na mashine ikae sentimita 30 kutoka ukutani. Ikibanwa nyuma ya pazia hupata joto, na joto hushusha asilimia.

Chupa ya maji ya kulainisha hewa ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya "mashine haitoi". Mara nyingi mashine ni nzima na kifuniko cha chupa ndicho kilichofungwa upande, oksijeni inavujia hapo. Bana bomba kwa vidole baada ya chupa: kile kigololi kinachoelea ndani ya flomita kikishuka, hakuna uvujaji, kikibaki juu, kuna mahali gesi inatorokea. Njia nyingine ni kuchovya ncha za kanula kwenye kikombe cha maji na kutazama mapovu. Kwa kanula ya mtu mzima chini ya lita 4 chupa hiyo haihitajiki kabisa, na kuiacha ni kupunguza mlango mmoja wa maambukizi. Ikitumika, maji yawe yaliyochemshwa yakapoa au ya distili, yabadilishwe kila siku, siyo kuongezewa juu ya ya jana.

Usiamini taa peke yake. Kengele ya asilimia ndogo kwa kawaida huwekwa karibu na 82, ambayo ina maana mashine inaweza kushuka kutoka 93 hadi 84 bila kusema lolote. Ndiyo sababu ya kile kipima oksijeni cha mkononi. Kila wiki, washa mashine, subiri dakika 10, weka lita 10, pima, andika namba kwenye daftari lililofungwa kwenye mpini pamoja na usomaji wa mita ya saa. Mashine isiyozimwa hufanya saa 8,760 kwa mwaka, kwa hiyo dhamana inayotajwa kwa miaka isomwe upya kwa saa. Namba zikishuka wiki hadi wiki, agiza zeolaiti sasa, usisubiri kengele.

Oksimita ndiyo inayosema kama haya yote yanamfikia mgonjwa, na ina kasoro ambayo inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliosomeka 92 hadi 96, waliokuwa na oksijeni ya damu chini ya 88 kwa kipimo cha damu ya ateri walikuwa asilimia 11.7 ya Weusi na 3.6 ya Weupe. Shirika la Afya Duniani linataka angalau 90 kwa mgonjwa aliyetulia na 94 kwa mwenye dalili za hatari. Katika hospitali isiyo na mashine ya gesi za damu, mimi sibaki kwenye 90 kwa mtu mzima mwenye ngozi nyeusi anayepumua kwa shida. Nalenga 94, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, ambaye 88 hadi 92 inamfaa.

Basi nani anunue? Hospitali yenye ICU iliyounganishwa na kiwanda cha oksijeni na mabomba ukutani haihitaji mashine hii kitandani. Inaihitaji wodini na kwenye chumba cha kujifungulia. Kituo cha afya chenye wagonjwa wachache kichukue za lita 5, mbili badala ya moja. Hospitali ya wilaya na ya mkoa isiyo na mabomba ichukue ya lita 10 bila kusita, na ikubali kelele zake, ambazo ni kubwa kuliko za ndogo na zinachosha wodi usiku.

Kwenye mkataba, dai vitu hivi viandikwe: filta za ndani za mwaka mmoja, seti moja ya vali, kanula za watu wazima na za watoto, jina la fundi aliyeko nchini, na mafunzo kwa wauguzi wa zamu zote, si wa asubuhi pekee. Siku ya kupokea, mashine iwashwe mbele ya muuzaji kwenye lita 10 kwa saa nane mfululizo, ikipimwa kila saa. Ikisoma chini ya 90 kabla ya jioni, irudi naye kwenye gari alilokuja nalo.