Uzoefu wangu: kununua mchoro wa rangi za mafuta wa Magharibi ya kale ya Marekani

Nimekulia Singida nyuma ya ng'ombe, na sasa ni mwaka wa tisa naishi Fort Worth, Texas. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililonitia kwenye michoro hii ya makauboi. Siku ya kwanza niliingia Makumbusho ya Amon Carter kukwepa jua la Agosti tu, maana kiingilio ni bure. Humo nikakutana na "A Dash for the Timber" ya Frederic Remington, ya mwaka 1889: turubai lenye upana wa zaidi ya mita mbili, wapanda farasi wanakuja mbio kuelekea kwako, vumbi limetanda.

Ila aliyenirudisha wiki iliyofuata ni mchoraji mwingine, Charles Russell. Huyu alifika Montana mwaka 1880 akiwa na miaka 16, akachunga mifugo usiku kwa miaka mingi kabla brashi haijamlisha. Ng'ombe wake wanasimama kama ng'ombe. Uzito umelalia mguu mmoja, sikio limegeukia sauti. Remington alichora sana akiwa New York, na farasi wake ni moto kweli kweli, lakini kwa ng'ombe mimi namwamini Russell.

Michoro yao mikubwa huweza kuuzwa kwa mamilioni ya dola, kwa hiyo mtu wa mshahara kama mimi anatafuta wachoraji wasiojulikana. Hapo ndipo nilipoumia.

Ununuzi wa kwanza ulikuwa kwenye mnada wa mtandaoni. Maelezo yalisema "mafuta juu ya turubai, mwanzoni mwa karne ya 20", na pembeni kulikuwa na kijifuvu cha nyati, alama aliyoiweka Russell kando ya sahihi yake. Hawakusema ni Russell. Walimwachia mnunuzi aote mwenyewe. Bei ya nyundo, yaani ile mnada ulipofungia, ilikuwa dola 800. Ikaja kamisheni ambayo mnunuzi huwalipa wenye mnada, asilimia 25, zikawa 1,000. Kodi ya 8.25% ikaongeza 82.50, na msafirishaji nikamlipa 140 kivyake. Yaani dola 1,222.50 kwa kitu ambacho sijakigusa.

Kilipofika nikakiweka chini ya kioo cha kukuzia. Vinukta! Safu kwa safu, kama picha ya gazeti. Ilikuwa nakala ya kuchapwa kwa mashine, iliyopakwa ute mzito unaong'aa ili vidole vihisi michirizi ya brashi, na michirizi yenyewe haikufuata umbo lolote: ilipita juu ya farasi na mbingu bila kujali. Hela ya mnada nilirudishiwa baada ya wiki tatu za barua pepe. Ya usafiri ilipotea. Nawapa nyota moja kati ya tano, na hiyo ni kwa sababu walirudisha.

Ununuzi wa pili nilikwenda kwa miguu yangu, duka dogo la michoro ya zamani. Mzee mwenye duka alifanya jambo ambalo sasa nalidai kila mahali: aligeuza mchoro akanionyesha mgongo wake kabla ya uso. Turubai lilikuwa limekuwa la kahawia, limekazwa kwa vijimisumari vyenye kutu, na fremu ya ndani ilikuwa imeacha kivuli cha rangi hafifu pale ilipolizuia hewa. Kisha akaniruhusu niutoe mlangoni niuangalie kwa mwanga wa ubavuni, ambapo rangi halisi inaonyesha mabonde na vilima vyake. Hakukuwa na sahihi wala karatasi za umiliki, naye alisema hivyo bila kuzunguka. Dola 650. Nyota nne, ya tano ingehitaji hizo karatasi.

Mchoro unaonyesha ng'ombe sita wakinywa mtoni na kauboi mmoja juu ya farasi. Kauboi ni mzungu, kama karibu wote kwenye michoro ya aina hii. Linaniuma, kwa sababu vijana weusi na Wameksiko waliswaga sehemu kubwa ya mifugo ile kutoka Texas, na wenyeji asilia wa nchi wanachorwa zaidi kama tishio la upeo wa macho. Nanunua nikijua hilo, na wanangu nawaambia wanapouliza.

Fundi wa kuhifadhi michoro nilimlipa dola 300 kuondoa vanishi iliyogeuka njano. Usijaribu mwenyewe kwa kitambaa chenye maji wala kwa kiazi, hata kama jirani anaapa kwamba kinasafisha. Maji yakipenya kwenye nyufa, rangi inabanduka. Alifanya kazi kwa vijiti vya pamba, kipande kidogo kidogo, akaniita nione katikati ya safari: nusu ya mbingu ilikuwa bado kahawia, nusu imekuwa buluu ya maziwa. Miezi minne nilikuwa nautazama kama mchoro wa jua kuzama. Kumbe ni alfajiri, na ukungu bado uko juu ya maji.

Sasa uko sebuleni, ukutani mbali na dirisha. Jumapili nilimpigia mama Singida kwa video, nikamsogezea simu karibu na turubai. Akanyamaza kidogo.

"Huyo mtamba wa mbele ana mimba," akasema. "Aliyemchora alikuwa anamfahamu."