Eagle Scout au Order of the Arrow?
Skauti wa Marekani ana heshima mbili kubwa za kuwania, na wazazi wengi huzichanganya. Eagle Scout, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, ni cheo cha juhudi binafsi: beji zisizopungua 21 na mradi wa huduma anaouongoza mwenyewe, yote kabla hajatimiza miaka 18.

Order of the Arrow, jumuiya ya heshima ya maskauti iliyoanzishwa mwaka 1915 katika kambi ya Treasure Island kwenye mto Delaware, haiombwi. Wenzako wa kikosi ndio wanaokupigia kura. Ukichaguliwa, unalala peke yako nje, kisha unashinda kimya, tumbo halijashiba, ukifanya kazi za kambini kama kutengeneza njia. Baada ya hapo unavishwa ukanda mweupe wenye mshale mwekundu.

Hakuna kinachomzuia kijana kupata zote. Ila mimi naipa uzito hii ya pili. Cheo cha Eagle kinambeba mtu hata kwenye maombi ya chuo, na anastahili. Lakini katika loji, yaani tawi la Order, kazi haiishi, na wenye kura ni walio chini ya miaka 21. Watu wazima wanabaki kuwa washauri.