Sponji Iliyooshwa Bombani: Uzoefu Wangu na Huduma ya Tangi la Samaki

Samaki wangu kumi na mmoja wamekufa kwa sababu ya sponji, na sikubali kuambiwa kwamba ni bahati mbaya.

Miezi kadhaa iliyopita nililipa duka moja la samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam ili linitengenezee tangi la maji matamu lenye mimea hai, kisha fundi wao awe anakuja kulisafisha kila mwezi. Fundi wa kwanza alikuwa mtu wa subira. Aliliacha tangi majuma matano bila samaki wa kufugwa, huku akipima maji, akanieleza kwamba ni lazima kwanza wazaliane ndani ya chujio bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Anubiasi, mmea wa Afrika Magharibi na Kati, aliufunga kwa uzi juu ya kipande cha gogo, kwa kuwa shina lake nene likifukiwa mchangani huoza. Nilimsifia kwa kila mgeni aliyeketi sebuleni kwangu.

Kisha wakamleta mwingine. Kijana huyo alichomoa sponji ya chujio, akaenda nayo kwenye sinki la jikoni, akaikamua chini ya bomba mpaka maji ya kahawia yakatoka meupe kabisa.

"Mwanangu," nilimwambia, "mwenzako huisuuza kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe."

"Mama, uchafu ni uchafu tu," akajibu bila kugeuka.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili iue vijidudu, nayo iliwaua bakteria wale wale waliokuwa wakiwalinda samaki wangu. Baada ya siku mbili tatu niliamka nikawakuta samaki wote juu ya maji wanatweta, matamvua yakipiga haraka haraka, na wale wadogo waitwao neon wamepoteza ule mstari wao wa buluu. Kufikia jioni nilikuwa nimeopoa kumi na mmoja. Nilipopiga simu dukani nikajibiwa: "Samaki hufa, mama. Njoo uchukue wengine, tutakupunguzia bei."

Jibu hilo limeniuma kuliko hasara yenyewe. Tangu hapo kila walichonifanyia nakiona kwa jicho jingine, hata kile kifaa cha kupasha maji walichoniuzia, ilhali maji ya sebuleni kwangu hayashuki chini ya nyuzi 26.

Hata hivyo sitaki kudhulumu. Mimea waliyoipanda imestawi: valisineria, ambayo huota pia katika Ziwa Tanganyika, imetambaa mpaka imeficha kioo cha nyuma, na kwa kazi hiyo peke yake nilikusudia kuwashauri wengine waende pale kupandiwa, usafi wafanye wenyewe. Lakini nimeulizia, na yule fundi wa kwanza hayupo tena. Basi ushauri huo naufuta. Msiende, si kwa kupanda wala kwa kusafisha.

Sponji sasa naisuuza mwenyewe, katika ndoo ya maji niliyoyateka tangini, polepole, bila kuikamua hadi iwe nyeupe. Samaki watatu waliosalia wameanza kula tena jana jioni.