Uzoefu wangu na PC-9821Ap: kompyuta kuukuu ya Kijapani niliyonunua kwa ajili ya muziki wa gemu tu

Wadau niseme mapema, hii mashine sikuichukua ya kazi. Naishi Osaka, na ukizunguka Nipponbashi utakuta maduka yanauza haya makompyuta ya zamani ya NEC, basi mie nikachukua PC-9821Ap ya 1993, prosesa 486 ya megahezi 66, yen 40,000 na kitu bila monita. Nilichokuwa nataka ni muziki wa zile gemu za riwaya, zile ambazo unasoma stori, picha imetulia palepale, unabonyeza unasoma unabonyeza, na muziki unapiga chini chini muda wote.

Ndani kuna chipu ya Yamaha YM2608: sauti 6 za FM (siyo redio, ni njia ya chipu kutengeneza sauti kwa kuchanganya mawimbi), 3 za mawimbi ya mraba (ule mlio wa pii pii wa gemu za kale), na milio 6 ya ngoma iliyohifadhiwa humohumo kwenye chipu. Hakuna gitaa lililorekodiwa wala mtu anayeimba, ukiacha hizo ngoma kila kitu kinapikwa hapohapo, mtunzi alikuwa anaandika noti kwa herufi na namba kama anaandika programu, na faili ya wimbo mzima ni ndogo kuliko picha moja unayotumiwa WhatsApp. Nimecheza EVE burst error (ya kampuni ya C's Ware, 1995) na YU-NO (ya kampuni ya elf, 1996), zote mtunzi Ryu Umemoto yumo kwenye muziki, na aisee ile besi! Ina ukali fulani wa chuma, halafu juu yake melodi inapigwa mara mbili, ya pili imecheleweshwa kidogo inakuwa kama mwangwi, yaani sauti 6 tu lakini unasikia chumba kizima. Na kumbuka unaweza kukwama sehemu moja nusu saa unatafuta pa kubonyeza huku wimbo wa dakika mbili unajirudia tu, ungekuwa wa hovyo ungeshazima spika. Huyu bwana Umemoto alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo tu. Alifariki 2011, ana miaka 37.

Najua mtu ataniambia si upakue emuleta (programu inayoiga mashine hii kwenye kompyuta ya kisasa), bure kabisa. Mojawapo, Neko Project II, nimeitumia sana na kwa kuonja inatosha, ila ngoma hazilii mpaka uweke faili zake mwenyewe, kwa hiyo kuna watu wanasikiliza nyimbo hazina ngoma na wanajua ndo zilivyo. Hata zikilia, uwiano wa FM na ile pii pii mara nyingi hauko sawa, melodi ya juu inakuwa kali mno au inamezwa. Kwenye mashine yenyewe kila kitu kinakaa mahali pake, na ukivaa hedifoni hadi raha.

Picha ni 640 kwa 400, na gemu hizi zinatumia rangi 16 tu kati ya 4096, ila wachoraji walijua kuchanganya nukta. Safi.

Sasa kero. Hizi za 1993 zinajulikana kwa kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza chaji kwenye bodi) kuvuja, na yangu duka lilisema imekaguliwa, nafika nyumbani sauti inatoka upande mmoja tena nyembamba, nikalipa fundi abadilishe zote, kwa hiyo bei ya dukani usiihesabu kama ndo bei. Monita za kisasa nyingi zinagoma kwa sababu mashine inatoa picha kwa masafa ya kilohezi 24 na kitu, tafuta ya zamani au kigeuzi. Flopi zake nazo zina mpangilio wake, drive ya kawaida ya PC haizisomi. Gemu zenyewe ni Kijapani kitupu na nyingi ni za watu wazima, usiwashe sebuleni watoto wakiwepo.

Kama kiu yako ni stori, baki na emuleta. Kama ni muziki, chukua, ila uliza kwanza kapasita zimebadilishwa lini, na muuzaji akianza kujiumauma ondoka. Anayetaka kuipeleka Dar au Mombasa ajue inakula volti 100, bila transfoma ya kushushia umeme utaiunguza siku ya kwanza, na kuipata YM2608 nyingine siyo kazi ndogo.